Manowari Zifagiazo Mabomu ya Baharini

FRERE TOWN, MOMBASA. Watu wa Kisauni waijua vema kengele ya Frere Town, ambayo ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Mji ule ulianzishwa mwaka 1875 na Church Missionary Society uwe makao ya watumwa waliokombolewa, ukaitwa kwa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yake ilipigwa ili watu wajihami waonapo hatari inakuja, hasa wafanya biashara ya watumwa. Hatari ya namna ile ilionekana kwa macho: mlinzi aliiona, kengele ikalia, watu wakakimbilia mahali pa salama. Katika makala hii twataka kueleza habari za hatari ya baharini isiyoweza kuonwa na mlinzi ye yote. Haina tanga wala moshi, wala haihitaji mtu wa kuiongoza. Nayo ni bomu litegwalo majini. Tena twataka kueleza habari za manowari ndogo ambazo kazi yake ni kulitafuta bomu hilo na kuliondoa njiani.

Msomaji wa bara asidhani kuwa jambo hili ni la watu wa pwani peke yao. Mafuta ya motokaa yatumikayo Kampala, mbolea ya mkulima wa Eldoret, na mizigo mingi iendayo Kigali na Goma, yote hupita Kilindini. Na mlango wa Kilindini ni mwembamba. Nje kuna mwamba uliofuatana na pwani, na meli kubwa haina budi kushika mkondo mmoja uliowekewa maboya. Mwindaji hategi msitu mzima. Hutega njia ya mnyama. Hali kadhalika atakaye kuifunga bandari kama ile hana haja ya mabomu elfu. Machache yatosha. Na kama tutakavyoona, pengine hata moja si lazima.

BOMU LENYEWE

Bomu la namna ya zamani, ambalo lingali likitumika hata sasa, ni tufe kubwa la chuma. Ndani yake mna baruti kali, lakini sehemu nyingine imeachwa tupu, hata likitiwa majini hutaka kuelea. Haliachwi lielee juu. Limefungwa kwa waya mnene wa chuma kwenye sanduku zito linalokaa chini kama nanga, na urefu wa waya umepimwa ili bomu lisimame mita chache chini ya uso wa maji, lisionekane, ila meli ipitayo iliguse. Juu ya tufe mna pembe fupi kadha wa kadha za risasi, yaani ile madini laini. Ndani ya kila pembe mna chupa nyembamba ya kioo yenye tindikali. Meli ikiigonga pembe, pembe hupinda, chupa huvunjika, tindikali humwagika katika betri ndogo iliyokuwa kavu, na mara ile umeme hupatikana ukawasha baruti.

Yafaa msomaji aiangalie sana betri hiyo. Betri ya tochi huisha nguvu hata ikikaa kabatini, lakini hii haina nguvu ya kuisha, maana umeme wake hauzaliwi mpaka saa ile chupa ivunjikapo. Ndiyo sababu bomu lililosahauliwa miaka mingi, lililoota kutu na kushikwa na chaza, laweza kuua kama lililotegwa jana.

Ziko namna nyingine zilizo na hila zaidi. Katika vita vya pili vya dunia Wadachi, yaani Wajerumani, walianza kutumia bomu la sumaku. Hilo halina pembe wala waya. Hulala chini kabisa, na meli ya chuma ipitapo juu yake, sindano iliyomo ndani huihisi sumaku ya chuma hicho, baruti ikawaka. Miezi ya kwanza ya vita meli nyingi zilizama katika maji ya Uingereza bila watu kujua zimepigwa na kitu gani. Kisha, mwezi wa Novemba 1939, ndege ya Kidachi ikaangusha bomu moja kwa makosa mahali penye maji haba, Shoeburyness, karibu na mlango wa mto Thames. Maji yalipokupwa likaachwa juu ya tope. Tarehe 23 Novemba afisa wa manowari John Ouvry, pamoja na wenzake, akalifungua kwa mkono, msumari baada ya msumari. Basi siri ikajulikana. Baadaye yakaja mabomu yanayosikiliza mshindo wa injini na panga za meli, na mengine yanayohisi jinsi uzito wa maji unavyobadilika meli ikipita. Liko hata bomu linalohesabu: huziacha meli kadha zipite salama, kisha huipiga ile ifuatayo.

KUFAGIA

Mvuvi aliyewahi kukokota juya ataifahamu kazi hii upesi kuliko mtu wa mjini. Manowari ifagiayo hukokota nyuma yake waya mrefu wa chuma. Mwisho wa waya hufungwa boya, na ubao wa chuma uliokatwa kwa namna ya kulivuta boya upande, mbali na mkondo wa meli, kama vile tiara ivutwavyo na upepo. Karibu na meli hufungwa ubao mwingine wa kuuzamisha waya uende chini kiasi kinachotakiwa. Hivyo waya husafiri mshazari chini ya maji, ukikumba eneo pana. Ukikutana na waya wa bomu, bomu huteleza mpaka penye makasi yaliyofungwa juu ya waya wa kufagia. Makasi hukata, tufe huibuka juu, na mabaharia hulipiga kwa bunduki kutoka mbali mpaka lizame au lipasuke.

Ufanano huo na uvuvi si maneno yetu tu. Tangu kabla ya vita vya kwanza Waingereza walikwisha kutambua kuwa mtu ajuaye kukokota wavu wa chini aweza kufundishwa kufagia mabomu kwa muda mfupi. Wakaziandikisha meli za kuvulia samaki pamoja na wavuvi wake, na vita vilipotokea watu hao waliacha samaki wakavua mabomu. Wengi hawakurudi kwao.

Maana swali ambalo msomaji bila shaka amekwisha kujiuliza ni hili: je, meli ifagiayo haipigwi? Hupigwa. Ili kupunguza hatari huundwa iwe nyepesi, isizame sana majini. Tena husafiri kwa mpango, moja mbele na nyingine zikiifuata kwa ngazi, kila moja ikipita katika maji yaliyokwisha kufagiwa na mwenzake. Ya mbele peke yake haina wa kuitangulia. Na tena huchagua maji. Bomu lililofungwa halipandi na maji yajaapo, kwa sababu waya wake haurefuki. Kwa hiyo maji makuu yakijaa bomu huwa chini zaidi, na meli isiyozama sana hupita juu yake kwa salama. Maji yakipwa, bomu lile lile huwa karibu na uso wa bahari. Hapa Mombasa, ambapo wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, tofauti hiyo yatosha kuwa uhai au mauti.

Kwa bomu la sumaku waya wa kukata haufai kitu. Hukokotwa nyaya nene za umeme ambazo huifanya bahari iliyo nyuma ya meli iwe kama imepitiwa na chombo kikubwa cha chuma, bomu likadanganyika na kupasuka mbali. Lakini meli yenyewe isiwe ya chuma. Kwa hiyo katika miaka ya 1950 Waingereza waliunda manowari za kufagia zaidi ya 100, kila moja ikaitwa kwa jina la kijiji kinachoishia kwa “ton”, na ubavu wake ulikuwa wa mbao za mkangazi juu ya mataruma ya aluminiamu. Fundi wa majahazi wa Lamu angefurahi kusikia kuwa wenye viwanda vikubwa vya chuma walirudia mbao mwishowe, ila misumari yake ingekataliwa.

MAMBO YALIYOTOKEA TANGA

Sasa tusafiri kidogo kusini, kwa jirani zetu. Mwezi wa Oktoba 1914 jeshi la Kiingereza la watu wapata 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, lilivuka bahari kutoka Bombay. Tarehe 31 jemadari wao, Aitken, akashuka Mombasa kufanya shauri. Shauri lilikuwa kuutwaa mji wa Tanga, uliokuwa mikononi mwa Wadachi.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox, chini ya Kapteni Caulfeild, iliikaribia Tanga peke yake. Mwezi wa Agosti palikuwa pamefanywa mapatano kwamba mji ule hautapigwa, na Kapteni alitaka kuwapa Wadachi habari kuwa mapatano yamekwisha. Mkuu wa wilaya, Bwana Auracher, akaitwa melini. Katika mazungumzo Kapteni akamwuliza kama bandari imetegwa mabomu. Bwana Auracher akasema kwamba swali kama hilo hawezi kulijibu. Kisha akaruhusiwa kurudi mjini, na simu ikapigwa mara moja kwa Kanali von Lettow-Vorbeck aliyekuwa upande wa Moshi.

Fox ikarudi zilikokuwa meli za askari. Kapteni hakukubali meli zile ziingie bandarini kabla ya njia kufagiwa. Kazi hiyo ikapewa Helmuth, tagi ndogo ya kukokotea meli ambayo zamani ilikuwa ya Wadachi wenyewe. Helmuth ikafagia huku na huku. Halikupatikana bomu hata moja. Wakati ule ule magari ya moshi ya reli ya Usambara yalikuwa yakishuka kutoka Moshi, safari ya kilomita 350 hivi, yamejaa askari.

Kwa kuiogopa bandari, jeshi lilishushwa usiku kandokando ya Ras Kasone, nje ya mji, penye mikoko na vichaka. Tarehe 3 waliotangulia walirudishwa nyuma. Usiku wake von Lettow akafika mwenyewe, na tarehe 4 vikapiganwa vita vikubwa. Upande wa Wadachi walikuwapo wapata 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, wala hatuna haja ya kusimulia habari za nyuki waliowauma watu siku ile, maana kila mtu wa Tanga azijua. Waingereza walioanguka, waliokufa pamoja na waliojeruhiwa, walizidi 800. Tarehe 5 waliosalia walirudi melini, wakaacha pwani bunduki na risasi nyingi ambazo adui alizitumia baadaye.

Waandishi wengi wamemlaumu Kapteni Caulfeild. Sisi twaona kuwa lawama ile imezidi kiasi. Mtu aliyepewa dhamana ya meli zilizojaa watu hawezi kuzipeleka penye mashaka kwa kubahatisha, na makosa mengine ya vita vile yalikuwa ya nchi kavu, si yake. Hata hivyo, kumwuliza mwenye nyumba kama mlangoni pake pana mtego, kisha kumwacha aende zake, si busara ya kufundishwa vijana! Lakini linalotuhusu hapa ni jambo jingine. Bandari ya Tanga ilifungwa kwa muda wote uliohitajika na mabomu ambayo hayakuwapo. Shaka peke yake ilifanya kazi ya baruti. Kwa sababu hiyo manowari ifagiayo huwa na faida hata isipopata kitu, maana huondoa shaka. Na kama Aitken angekuwa na meli nne au tano za namna ile, zenye mabaharia waliofundishwa, badala ya tagi moja, saa zile zisingepotea kwa wingi namna ile.

MADAGASCAR

Miaka 28 baadaye mambo yalikuwa kinyume, maana mara hii mabomu yalikuwapo kweli. Mwezi wa Aprili 1942 manowari za Kijapani zilishambulia Ceylon, na jeshi la manowari la Kiingereza la Bahari ya Hindi likahamia Kilindini. Ilihofiwa kuwa Wajapani watakitwaa kisiwa cha Madagascar, na kutoka kule watazizamisha meli zote zinazopita pwani yetu. Basi Waingereza wakaamua kuitwaa bandari ya Diego Suarez kwanza. Mbele ya meli za askari zilitangulia manowari nne za kufagia: Cromer, Cromarty, Poole na Romney. Zilipita usiku, bila taa, katikati ya visiwa vidogo na miamba, na njia iliyofagiwa ikawekewa maboya. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 askari wakashuka.

Siku ile ile manowari ndogo Auricula iligonga bomu katika ghuba ya Courrier, ikazama siku ya pili yake. Hiyo yaonyesha meli za askari zingepatwa na nini kama zingeingia bila kufagiliwa njia. Diego Suarez ilitwaliwa tarehe 7 Mei. Askari wa King's African Rifles, wakiwamo vijana wengi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walishiriki katika vita vya kisiwa kile vilivyokwisha mwezi wa Novemba. Cromer haikuuona mwisho huo wa mwaka: tarehe 9 Novemba 1942 ilipigwa na bomu karibu na Mersa Matruh, pwani ya Misri. Cromarty nayo ilizamishwa na bomu katika bahari ya Mediterania mwezi wa Oktoba 1943. Katika manowari nne, mbili ziliuawa na kitu kile kile zilichokuwa zikikitafuta.

Mombasa nayo ilipata kuwa na meli ya kazi hii. Mwaka 1946 Kenya ilipewa Rosalind, iliyoundwa wakati wa vita kwa mfano wa meli za kuvulia samaki, ikawa chombo cha kuwafundishia mabaharia wetu. Wenzake wote walipewa majina ya watu waliomo katika michezo ya Shakespeare. Tangu mwaka 1952 ilikuwa katika Royal East African Navy, jeshi la majini la Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kwa pamoja, lililovunjwa mwaka 1962. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizaliwa mwezi wa Desemba 1964, na makao yake ni Mtongwe, upande wa Likoni.

HABARI ZA KARIBU ZAIDI

Tangu mwezi wa Juni 1967 mfereji wa Suez ulifungwa kwa sababu ya vita, na meli za kutoka Ulaya kuja Mombasa zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kuufungua tena si kazi ya tamko la siku moja. Mwaka 1974 mataifa kadha yalileta manowari na wazamiaji, yakaondoa mabomu na vyombo vilivyozama. Katika manowari hizo ilikuwamo Wilton ya Uingereza, manowari ya kwanza yenye ubavu wa plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Meli zilianza kupita tena tarehe 5 Juni 1975.

Mwaka 1984 meli zipatazo 19 zilidhurika kwa mabomu katika Bahari ya Sham na ghuba ya Suez. Meli moja ya Libya ilishukiwa kuwa ndiyo iliyoyatega. Uingereza, Marekani, Ufaransa na Italia zilipeleka manowari zao, na baada ya majuma mengi Waingereza walipata bomu moja jipya lililoundwa Urusi. Na ndugu zetu walioko Maskati wakumbuka manowari ya Marekani Samuel B. Roberts, iliyogonga bomu la Iran katika Ghuba tarehe 14 Aprili 1988. Bomu lile lilikuwa la mfano uliobuniwa mwaka 1908. Kuitengeneza manowari kuligharimu karibu dola milioni 90.

Siku hizi kufagia kwa waya kumepungua. Manowari ya kutafuta mabomu husimama mbali, hutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi unaorudi, na kila kitu kionekanacho chini hukaguliwa kimoja kimoja kwa mashine ndogo yenye kamera, au kwa mzamiaji. Ni kazi ya polepole mno, maana sufuria iliyotupwa na jiwe la mviringo hujibu sauti ile kama bomu.

Sheria ya mataifa iliyotungwa The Hague mwaka 1907 yaagiza kwamba bomu lililofungwa kwa waya likikatika lazima lipoteze nguvu. Mvuvi asiitegemee sheria hiyo. Wavuvi wa Yemen wameuawa na mabomu katika Bahari ya Sham tangu vita vya nchi yao vilipoanza, na pepo na mikondo haisomi sheria. Basi mtu akiona baharini au ufukoni kitu cha chuma cha mviringo, hasa chenye pembe, asikiguse, asikifunge kamba ili kukivuta, wala asikipige mawe. Asijaribu kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Akiwa chomboni na ageuze njia, naye apime mahali kwa alama mbili za nchi kavu, kama wafanyavyo wavuvi wapatapo mwamba wenye samaki. Akiwa ufukoni na awazuie watoto wasikaribie. Kisha apeleke habari upesi kwa kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa ofisi ya bandari, au kwa wanamaji wa Mtongwe, aeleze saa aliyokiona, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, na upepo ulikuwa wa upande gani.